X Kwenye Nyumba Isiyo na Kosa

Mama mdogo alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kabisa, akanikabidhi.

"Baba, si wewe unayefundisha baiolojia? Hebu nisomee."

Tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, zamu yetu bado. Baadaye daktari alimweleza yote, taratibu, bila mafumbo. Ila mama mdogo si mtu wa kusubiri. Nikasoma. Majibu ya kinyama kilichokatwa na kupimwa yalithibitisha alichokwisha kuambiwa: saratani ya mlango wa kizazi. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ambayo yeye hakuwa na haja nayo, na mimi ndiyo iliyonishika.

p16: chanya.

p53: ya kawaida.

Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi nikiwaambia watoto kwamba p53 ni protini inayoizuia seli isigeuke saratani. David Lane, mmoja wa walioigundua, aliiita mwaka 1992 mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli, na jina likaganda. Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya p53 imeharibika. Hapa saratani ipo, imethibitishwa, na mlinzi anaandikwa hana tatizo.

"Mbona umenyamaza?"

"Nasoma, mama."

"Kuna neno zuri humo?"

Nikamwambia kuna kitu kimoja kimesalimika. Lilikuwa jibu la kweli, lakini lisilomfaa yeye wala mimi. Akaniangalia, akachukua karatasi yake, akairudisha kwenye khanga. Mimi nikabaki na ule mstari kwa wiki kadhaa. Nikiwa kwenye daladala, upo. Nikisahihisha madaftari, upo.

Mlinzi mzima

p53 iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kumi wataalamu waliielewa kinyume. Waliikuta imejaa tele ndani ya seli za saratani, wakaamini ndiyo inayoichochea. Ilipofika 1989 ndipo ilipodhihirika kwamba ile iliyojaa ilikuwa p53 mbovu, na kwamba p53 nzima kazi yake ni kuzuia.

Maabara za patholojia bado zinaitumia tofauti hiyo. Kinyama kinapakwa rangi inayoishika p53. Rangi ikikolea kupita kiasi, au ikikosekana kabisa, jeni inashukiwa kuwa na kasoro. Ikionekana hafifu, madoa hapa na pale, huandikwa kwamba ni ya kawaida.

Kwa hiyo karatasi ya mama mdogo ilisema jeni haina kasoro. Haikusema kama protini yenyewe iko kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. Ukipima jeni unajua kama seli inaweza kutengeneza mlinzi. Hujui kinachompata akishatengenezwa.

Kupigwa X

Mkazi wa mji wowote uliowahi kupanuliwa barabara anaijua X nyekundu. Unaamka asubuhi, ukuta wako umepakwa. Hakuna jiwe lililoguswa, watoto wanakunywa chai ndani kama jana, lakini nyumba imeshakufa kwenye vitabu. Katapila likija haliulizi nyumba ni ya nani wala ilikosa nini. Linaangalia X.

Ndani ya seli, X hiyo ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Protini ikibandikwa mnyororo wake, inapelekwa kwenye mtambo uitwao proteasomu, inakatwakatwa, na vipande vinatumika tena. Waliofumbua utaratibu huo ni Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa chuo cha Technion, Haifa, Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, wakifanya kazi na chembe changa za damu za sungura wakati ambapo karibu kila mtu alikuwa anatafiti jinsi protini zinavyotengenezwa. Kubomoa kulionekana kazi ya taka. Nobeli ya kemia ikawafuata mwaka 2004.

Ninachokipenda katika mpango huu ni anayeshika brashi. Proteasomu ni mtambo wa jumla, yubikwitini ni rangi ya jumla, lakini vimeng'enya vinavyoamua nani apakwe ni zaidi ya 600 katika mwili wa binadamu, na kila kimoja kina orodha yake. Kwa p53, mwenye brashi halali ni Mdm2. Katika seli tulivu p53 huishi kama dakika 20 tu, kisha Mdm2 huipiga X. Si uonevu. Protini yenye uwezo wa kuisimamisha seli au kuiua haiachwi izurure bila sababu. DNA ikijeruhiwa, Mdm2 huzuiwa, p53 hujikusanya, na seli husimama ijirekebishe au ijimalize.

Sasa njoo kwenye virusi vya papiloma, HPV, vinavyosababisha saratani hii. Mwaka 1990 Martin Scheffner, Peter Howley na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba protini moja ya HPV aina ya 16 na 18, iitwayo E6, huifanya p53 ibomolewe kwa njia hii hii ya yubikwitini. Kipimo chao nacho kilitumia rojo la chembe za damu za sungura. Walipomtafuta mwenye brashi wakakuta siye Mdm2. Ni kimeng'enya kingine cha seli yenyewe, ambacho hakikuwa na jina, wakakiita E6AP, yaani kile kinachoandamana na E6. Kimeng'enya cha binadamu kikabatizwa kwa jina la kirusi kilichokiteka.

Peke yake, E6AP haina habari na p53. Haimo kwenye orodha yake. E6 peke yake nayo haiishiki p53. Zikishikana mbili, panapatikana mwanya ambao p53 inaingia na kutulia, na picha ya umbo la wote watatu ilichapishwa mwaka 2016. Mwenye brashi ameshikwa mkono na mgeni, amepelekwa mtaa usio wake, ameonyeshwa nyumba isiyo na kosa.

Kirusi hakikuleta katapila. Hakikuleta hata rangi.

Na E7, ndugu yake E6, hufanya kazi inayofanana kwa protini nyingine iitwayo Rb, inayoizuia seli isianze kugawanyika ovyo. Rb ikiondolewa, p16, protini nyingine ya seli, hupanda na kujazana. Basi ule mstari wa kwanza kwenye karatasi, p16 chanya, ulikuwa alama ya nyayo za kirusi. Mistari miwili ilikuwa inasimulia kisa kimoja, mimi nilikuwa naisoma kama visa viwili.

Swali kutoka dawati la nyuma

Nikaipeleka darasani, kidato cha tatu, kipindi cha vimeng'enya. Silabasi haidai hivyo, lakini mwalimu naye ni mtu. Nikachora nyumba, nikachora X, wakacheka, wakaelewa. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huuliza kama kipindi kimeisha, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama jeni ni nzima, si seli itengeneze p53 nyingi kuliko zinazobomolewa?"

Nilisimama na chaki yangu.

Jibu lilikuwa limeandikwa ubaoni nyuma yangu, kwa mwandiko wangu, sifa ya kwanza ya vimeng'enya: hakitumiki kikaisha. Amilesi ya mate ikishavunja wanga, inabaki amilesi na kuendelea na wanga unaofuata. E6AP nayo ikishaipaka p53 moja, inaiachia na kungoja nyingine. Seli ikiongeza uzalishaji, inaongeza kazi kwa mbomoaji asiyechoka. Ndiyo maana kiasi kidogo tu cha E6 kinatosha kuiacha seli karibu bila ulinzi.

Nikamjibu hivyo. Akafikiri.

"Basi huyo mgeni ndiye aondolewe. Nyumba si zitajengwa tena?"

Darasa likaguna, wakidhani anatania. Mimi nilirudi nyumbani na swali lake, na ndilo lililogeuza kila kitu nilichokuwa nadhani kuhusu jambo hili. Kwa maana nimezoea kuifundisha saratani kama uharibifu uliokwisha kutokea: jeni zimevunjika, basi. Yeye alikuwa anauliza kuhusu kitendo kinachoendelea. Mlinzi anatengenezwa saa hii. Anabomolewa saa hii. Kesho vivyo hivyo. Kitendo kinachoendelea kinaweza kukatizwa.

Je, inawezekana kweli?

Seli za Henrietta

Ilishajaribiwa, na seli zilizotumika nazifahamu kwa jina. Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi Baltimore mwaka 1951, akafariki Oktoba mwaka huo huo. Kinyama kilichochukuliwa bila idhini yake kilizaa seli za HeLa, ambazo zimegawanyika maabara duniani kote hadi leo. Ndani yake mna HPV 18. Na jeni ya p53 ndani yake ni nzima.

Mwaka 2000, Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa Chuo Kikuu cha Yale walizima E6 na E7 ndani ya seli hizo kwa kutumia protini ya kirusi jamaa cha ng'ombe. p53 ikajikusanya. Rb ikarudi. Seli zilizokuwa zimegawanyika bila kikomo kwa karibu nusu karne zikazeeka na kusimama.

Soma tena. Nusu karne mlinzi alikuwa anatengenezwa na kubomolewa, anatengenezwa na kubomolewa, na uwezo wake haukupotea. Alipoachwa tu, akafanya kazi yake.

Usiku niliosoma hilo sikulala mapema. Nilitaka kumpigia mama mdogo. Sikupiga, na nadhani nilifanya vyema, kwa sababu seli kwenye sahani ya maabara si mtu mwenye ratiba ya mionzi Jumatatu hadi Ijumaa.

Kirusi nacho hakipati kitu

Jambo lililonisumbua pembeni: kirusi kinafaidika nini na saratani?

Hakifaidiki. HPV hukaa kwenye tabaka za ngozi laini ambako seli zikipanda juu huacha kugawanyika. Kirusi hakina mitambo yake ya kunakili DNA, kinahitaji ya seli, kwa hiyo E7 huisukuma seli irudi kugawanyika. Seli ikisukumwa hivyo, p53 ingeshtuka na kuiua. Ndiyo kazi ya E6: kumwondoa shahidi mpaka kirusi kijinakili. Mara nyingi kinga ya mwili hukifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwanamke hajui kama kilipita.

Katika saratani nyingi, DNA ya kirusi huwa imekatika na kujipachika ndani ya kromosomu ya mtu. Kipande kinachopotea mara kwa mara ni jeni ya E2, ambayo ndiyo huitia breki E6 na E7. Breki ikitoka, E6 haizimiki. Kirusi kilichopachikwa namna hiyo hakitengenezi tena virusi vipya. Kimeshafika mwisho wa njia nacho. Huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani ionekane kwa mwanamke mwenye kinga imara, na inaweza kuwa 5 hadi 10 kwa ambaye kinga yake imedhoofika. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita ya wasio navyo, jambo ambalo kwa nchi zetu si la kuwekwa pembezoni.

Na HPV ziko zaidi ya aina 200. Zile za 6 na 11, zinazoleta masundosundo sehemu za siri, nazo zina E6. Ila E6 yao haiwezi kuipeleka p53 ibomolewe, na masundosundo hayo karibu kamwe hayageuki saratani. Tofauti ni nani unamshika mkono na unampeleka wapi.

Basi dawa iko wapi?

Hapa ndipo furaha yangu ilipopunguzwa kasi.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu: funga proteasomu. Dawa ipo, botezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Imewasaidia sana wagonjwa wa maieloma, saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo huzalisha protini nyingi mno, kwa hiyo ukizuia ubomoaji zinazongwa na taka zake. Kwa mlango wa kizazi haijawa tiba ya kawaida. Ukisimamisha katapila la mji mzima, nyumba zilizopigwa X kwa haki nazo zinabaki.

Wazo la pili: mfunge mwenye brashi, E6AP. Lakini ubongo unakihitaji kimeng'enya hiki. Mwaka 1997 iligundulika kwamba mtoto akikosa nakala yake inayofanya kazi, ile ya upande wa mama, hupata ugonjwa wa Angelman: kifafa, mwendo wa kuyumba, usemi mdogo sana au kukosekana kabisa. Kimeng'enya kile kile kwenye mlango wa kizazi ni mateka, kwenye ubongo ni mhimili. Sikuwa tayari kwa hilo. Nilikuwa nimeshamfanya adui kichwani mwangu.

Linabaki la msichana wa dawati la nyuma: mwondoe mgeni. E6 yenyewe. Watafiti wamehangaika nalo kwa miongo mitatu, maana sehemu ambazo protini hizi hugusana si rahisi kuzibwa na kidonge.

Na kuna onyo la zamani ambalo wenye shauku kama mimi tunapaswa kulikumbuka. Kuna jamii nyingine ya vimeng'enya vinavyomeng'enya protini nje ya seli, vinavyokata kolajeni na kuipasulia saratani njia ya kusambaa. Cha kwanza kilipatikana mwaka 1962 kwenye mkia wa kiluwiluwi cha chura, unaoyeyuka anapokua. Mantiki ilikuwa tamu: zuia vimeng'enya, zuia kusambaa. Dawa kama marimastati zikajaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1990. Wakapata maumivu makali ya viungo, na kwa ujumla hawakuishi zaidi. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya vimeng'enya hivyo vinamlinda mgonjwa. Mantiki tamu haitoshi.

Ila kuna upande mmoja unaonichekesha, kwa kicheko cha mshangao. Thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani kuanzia 1957 na kuondolewa 1961 baada ya watoto zaidi ya 10,000 duniani kuzaliwa na viungo vilivyodumaa, ilirudi kama dawa ya madhara ya ngozi yatokanayo na ukoma na kisha ya maieloma, huku hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba inamshika mmoja wa wenye brashi, aitwaye sereblon. Baadaye ikajulikana kwamba dawa ndugu yake, lenalidomaidi, humpeleka mwenye brashi huyo kwenye protini mbili ambazo maieloma haiwezi kuishi bila hizo, zikapigwa X. Na tangu 2001 kundi la Craig Crews na Raymond Deshaies lilikuwa limeanza kuunda molekuli za makusudi zenye ncha mbili: ncha moja imshike mwenye brashi, nyingine iishike protini unayotaka ibomolewe. Leo ni uwanja mkubwa wa utafiti wa dawa za saratani.

Ni hila ya E6. Kirusi kiliitumia kabla ya wenye maabara kuwaza.

Siki na taa

Nilimwandikia haya yote rafiki yangu, daktari wa wilaya, ujumbe mrefu wa aibu. Akanijibu kwa sauti, nikamsikia anakula.

"Mwalimu, hiyo elimu nzuri. Mimi nahitaji siki na taa."

Ana hoja, na nitaitendea haki. Kila mwaka Tanzania hukadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Anachotumia yeye ni siki iliyopunguzwa makali, inapakwa, inasubiriwa dakika moja, na panapobadilika kuwa peupe panagandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo. Chanjo nayo haijali p53 wala E6AP. Imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, inakizuia kisiingie. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Utafiti uliofanywa Kenya, matokeo yakatoka 2022, ulionyesha dozi moja tu ikikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na 18 katika miezi 18 ya kwanza, na Tanzania imeshahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo ilitokana na mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, kukitambua kirusi mwaka 1983. Kujua kimeng'enya hakukuongeza kitu hapo.

Nilimkubalia. Kisha nikamwambia ninachokiamini mpaka sasa. Chanjo ni ya binti. Siki ni ya dada ambaye uvimbe haujaota. Mama mdogo yuko upande wa tatu. Amepata mionzi na sisplatini, tiba inayojeruhi DNA na kutegemea seli ya saratani ishindwe kuvumilia majeraha hayo, na ameivumilia yeye kwa ukaidi wake. Uvimbe wa namna yake ni miongoni mwa saratani ambazo mlinzi bado anatengenezwa kila saa akiwa mzima. Penye jeni iliyoharibika utahitaji kumjenga upya. Hapa unahitaji kumwachia tu. Kuita utafiti wa jambo hilo anasa, kwa sababu maabara zinazoufanya ziko mbali na wilaya yake, ni kumwambia mwanamke aliyekwisha ugua kwamba yeye hayumo kwenye hesabu.

Akakaa kimya kidogo. Kisha:

"Haya, waambie hao wa Yale wafanye haraka. Mimi Jumatano nina kliniki ya siki. Walimu wenzako wa kike wangapi wameshapimwa?"

Sikuwa najua. Nimebandika tangazo lake ofisini, karibu na birika la chai ambako hakuna asiyepita. Mwalimu wa Jiografia amelisoma, akaniuliza mbele ya wote kama inauma. Nikamwambia mimi ni wa p53, hilo amuulize daktari Jumatano.